Orodha ya Ukoo Ikihamia Kompyuta Nyingine



Tuseme binti wa Jericho ameandika ukoo wao kwenye kompyuta, na binamu yake wa Kayole naye ana orodha yake katika programu tofauti. Je, waandike majina yote upya? La hasha.

Kuna aina ya faili iitwayo GEDCOM. Ilianzishwa na Kanisa la Wamormoni mwaka 1984, na karibu programu zote za ukoo huisoma, hata Gramps ambayo ni ya bure. Ni maandishi ya kawaida tu: kila mtu ana namba yake, na kila familia ina namba yake, ikitaja mume, mke na watoto. Unatoa faili, unaitia kwenye flashi, mwenzako anaifungua kwake. Basi.

Lakini ikifika, ikagueni. Majina yetu huleta taabu, maana wengi hatuna jina moja la ukoo. Otieno Onyango akizaa mtoto, huyo ni Ochieng Otieno. Programu nyingine, bila kuuliza, humwandika Ochieng Onyango, kwa vile zimezoea desturi za Wazungu. Rekebisheni kwa mkono.

Tena kuna majina yanayorudi. Kwa Wakikuyu mvulana wa kwanza huitwa babu mzaa baba, kwa hiyo ndugu watatu wanaweza kuwa na akina Kamau watatu. Mkiunganisha faili mbili, programu huuliza: huyu ndiye yule? Ukibonyeza "ndiyo" haraka haraka, mtu mmoja amepotea. Andikeni mwaka wa kuzaliwa, hata wa kukadiria, na jina la mama.

Jambo zito ni nyumba za mitala. GEDCOM inakubali mume awe katika familia mbili au tatu, hata bila tarehe ya ndoa. Kwa hiyo kila mke aandikwe na familia yake, wala watoto wote wasirundikwe kwa mke mkubwa. Kwa nini? Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, inasema mwenye wake wengi akifa bila wosia, mali hugawanywa kati ya nyumba kwa hesabu ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huongezwa kwenye hesabu ya nyumba yake. Faili peke yake haithibitishi urithi. Lakini mtu akienda nayo kwa chifu kuomba barua ya warithi, nyumba iliyosahauliwa humo yaweza kusahauliwa na kwenye barua.

Picha mara nyingi hubaki nyuma. Toleo la 7.0 la mwaka 2021 lina njia ya kuzifunga pamoja. Namba za vitambulisho msiweke kabisa.

Kazi ya kikundi: hesabuni watu kabla ya kutuma na baada ya kupokea. Zikitofautiana, msifute faili ya kwanza. Kisha someni majina kwa sauti mbele ya shosho, nyumba baada ya nyumba, naye aseme nani hayumo.