Bustani Kubwa ya Mji wa New York

Mji wa New York, ulio mkubwa kupita miji yote ya Marekani, ulianza katika kisiwa kiitwacho Manhattan. Kisiwa hiki ni kirefu na chembamba. Katika mwaka 1810 watu wa mji walikuwa 96,000 hivi, nao walikaa upande wa kusini tu. Kwingineko kulikuwa na mashamba, majabali na vinamasi.

Mwaka uliofuata wakuu watatu waliowekwa na serikali walichora ramani ya mji utakaokuja. Walipanga njia pana 12 za kwenda kaskazini, na njia 155 za kuzikata, zote zimenyoka kama nyuzi za mfumaji. Walijua ya kuwa mji utakua; hata waliandika kwamba huenda watu wakawacheka, kwa kuwa wametenga nafasi ya watu wengi kuliko waliokusanyika mahali popote upande huu wa Uchina. Walakini, mahali pa kupumzika hawakuacha pengi. Walisema kisiwa kimezungukwa na mikono mikubwa ya bahari, kwa hiyo hewa safi haitapungua. Tena bei ya ardhi ni kubwa mno. Kiwanja kimoja kikubwa walikiacha kwa gwaride la askari, ekari 240 hivi. Nacho kilimegwa, kikamegwa tena, hata sehemu yake iliyobaki leo, iitwayo Madison Square, haizidi ekari 7. Ndivyo ilivyo desturi ya miji: uwanja mtupu hauna wa kuutetea, na kila mwenye haja ya kujenga huutazama kama mali isiyo na mwenyewe.

Basi wageni wakaja kwa merikebu, wengi wakikimbia njaa ya Ayalandi na taabu za Ujerumani. Katika mwaka 1850 watu walikuwa wamepita 500,000. Yaani palipokuwa na mtu mmoja miaka 40 nyuma, sasa palikuwa na watano. Maskini walilala jamaa nzima katika chumba kimoja. Kipindupindu kiliua maelfu ya watu mwaka 1832, na tena mwaka 1849. Na kule ufukoni, ambako wakuu wale walitumaini hewa safi, palijaa gati na maghala. Aliyetamani kuona majani mabichi alivuka maji kwenda Brooklyn, akatembee katika makaburi ya Green-Wood!

Mwaka 1844 mshairi William Cullen Bryant, aliyekuwa mkuu wa gazeti, aliwahimiza watu watenge ardhi ya bustani kabla haijajengwa. Sheria ilipatikana mwaka 1853. Kisha lilifanywa shindano la ramani, na mwaka 1858 Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walishinda. Bustani hiyo, Central Park, ina ekari 843, nayo ingetosha viwanja vya mpira zaidi ya 400.

Wakati ule mahali hapo palikuwa nje ya mji. Lakini Olmsted na Vaux waliandika kwamba baada ya miaka 20 mji utakuwa umeizunguka bustani, na magari ya mizigo yatataka kupita katikati yake mchana na usiku. Kwa hiyo njia nne za kuikata zilichimbwa chini kama mitaro mikubwa, na vijia vya waendao kwa miguu vikapita juu yake kwa madaraja. Leo motokaa hupita katika njia zizo hizo, ingawa wachoraji hawakuwahi kuona motokaa walipozichora. Watoto ndio waliosahauliwa kidogo: uwanja wa kwanza wa bembea ndani ya bustani ulifunguliwa mwaka 1926 tu.

Hata hivyo, ardhi hiyo haikuwa tupu. Tangu mwaka 1825 watu weusi walikuwa wakinunua viwanja huko na kujenga kijiji, Seneca Village. Kumiliki ardhi kulikuwa jambo kubwa kwao, maana katika jimbo lile mtu mweusi hakuruhusiwa kupiga kura asipokuwa na mali ya dola 250, na sharti hilo halikuwapata weupe. Mwaka 1855 kijiji kilikuwa na watu 225 hivi, makanisa matatu na shule. Serikali ikaitwaa ardhi kwa nguvu ya sheria. Wenyewe walilipwa, lakini wengi walilalamika kwamba malipo hayalingani na mali yao. Mwaka 1857 wote walikuwa wameondoka, na kijiji hakikujengwa tena mahali pengine.

Mwaka 2011 wataalamu wa mambo ya kale walichimba pale. Chini ya majani walikuta misingi ya nyumba ya William Wilson, mtumishi wa kanisa mojawapo, birika la chuma la chai, na kiatu kidogo chenye soli ya ngozi.