SOMO: KUINGIA SIO KUWAKA. Chagua bodi inayoendana na prosesa kabla hujapokea hela ya mteja

Somo la leo ni la wanaouza kompyuta za mezani na vipuri vyake mtandaoni: we unayeunganisha mashine za gemu, za studio, za stationery, na hata we ambaye huna duka, unapokea oda inboksi halafu unakwenda kuchukua mzigo kwa watu wa jumla.

Kwenye biashara hii kuna kosa linalokula faida haraka kuliko mengine yote: kuuza prosesa na bodi mama ambazo haziendani. (Bodi mama ndiyo ile wengi tunaiita madabodi. Humu nitasema "bodi" tu.)

Piga hesabu. Tuseme faida yako kwenye mashine moja ni 80,000. Umetuma mzigo Mwanza kwa basi kwa 15,000, haujawaka. Mteja kampa fundi 20,000 aangalie. Mzigo unarudi, 15,000 nyingine. Unabadilisha bodi, unatuma tena, 15,000. Jumla 65,000 imekwenda, umebaki na 15,000, na wiki mbili mteja anakupigia simu kila asubuhi. Akiandika komenti moja mbaya kwenye posti yako, hata hiyo 15,000 haina maana.

Kosa hili linazuilika kwa dakika kumi za kuuliza na kusoma. Twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: SOKETI

Soketi ni pale prosesa inapokaa kwenye bodi. Hapa hakuna ujanja: prosesa ya soketi moja haikai kwenye soketi nyingine. Shika hizi, ndizo utakazokutana nazo zaidi:

- AM4 (AMD): Ryzen 1000 mpaka 5000.
- AM5 (AMD, ilianza 2022): Ryzen 7000, 8000 na 9000.
- LGA1200 (Intel): kizazi cha 10 na 11.
- LGA1700 (Intel): kizazi cha 12, 13 na 14.
- LGA1851 (Intel): Core Ultra 200S, zilizoanza kuuzwa Oktoba 2024.

Wauzaji wengi wanaishia hapa. "Soketi ni ileile, itaingia." Ndiyo, itaingia. Lakini hata ufunguo unaweza kuingia kwenye kitasa na usizunguke.

HATUA YA 2: CHIPSETI NA ORODHA YA PROSESA

Mfano wa soketi kudanganya ni LGA1151, na bado unatembea sana kwenye mzigo wa mtumba. Prosesa za Intel kizazi cha 6 na 7 ni LGA1151. Za kizazi cha 8 na 9 nazo ni LGA1151. Zinaingia vizuri tu. Ila kizazi cha 8 na 9 zinataka bodi za kundi la 300, kama H310, B360, B365 au Z390. Ukiweka i5-8400 kwenye bodi ya H110, feni inazunguka na skrini inabaki nyeusi.

Kwa hiyo usiuze kwa jina la soketi. Soma jina kamili la bodi pamoja na toleo lake (kwenye bodi nyingi limeandikwa kwenye ubao wenyewe), ingia tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, tafuta orodha ya prosesa inazokubali. Kila kampuni kubwa inayo: ASUS, MSI, Gigabyte, ASRock. Kama prosesa ya mteja haimo kwenye orodha hiyo, usichukue hela.

Na usidanganywe na namba kubwa. Upande wa AM5 kuna B650, B840 na B850. Mtu anaona 840 ni kubwa kuliko 650, anadhani ni bora. Kumbe B840 ni ya daraja la chini: hairuhusu kuipandisha prosesa kasi, wakati B650 inaruhusu. Upande wa Intel, prosesa zenye herufi K zimetengenezwa ili ziweze kupandishwa kasi, lakini hilo linafanyika kwenye bodi za Z tu, kama Z790. Mteja akilipia K halafu ukampa H610, amenunua kitu asichoweza kukitumia chote. Mwambie mapema, aamue mwenyewe.

HATUA YA 3: BIOS

Hapa ndo wengi wanaumia kwenye prosesa mpya. BIOS ni programu ndogo iliyo ndani ya bodi. Ndiyo inayoitambua prosesa unapowasha. Bodi iliyotoka kiwandani kabla prosesa haijatengenezwa haiijui, mpaka BIOS yake ipandishwe.

Chukua Ryzen 9000. Zilitoka Agosti 2024. Bodi za B650 zilianza kuuzwa 2022. Kwa hiyo B650 iliyokaa stoo muda mrefu ni halali kabisa kwa Ryzen 9000, lakini inaweza isiwake siku ya kwanza. Hivyohivyo kwa B660 na prosesa za Intel kizazi cha 14, na kwa B450 za zamani na Ryzen 5000.

Ufanye nini?

1. Angalia boksi. Mara nyingi bodi zilizokwishapandishwa BIOS kiwandani zina stika inayotaja prosesa mpya inayokubalika.
2. Angalia kwenye orodha ya kampuni: mbele ya kila prosesa pameandikwa BIOS inayohitajika kuanzia toleo gani. Linganisha na toleo la bodi yako.
3. Ikiwa BIOS ni ya zamani, tafuta bodi yenye kitufe cha kupandisha BIOS bila prosesa. Kipo nyuma, karibu na matundu ya USB. Unaweka faili kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, unalipa jina ambalo kitabu cha bodi kinasema, unaunganisha pawasaplai, unabonyeza kitufe.
4. Bodi isiyo na kitufe hicho inataka prosesa ya zamani inayoijua. Fundi mzuri wa kompyuta huwa nayo moja ya kazi hiyo. Gharama yake iweke kwenye bei tangu mwanzo.

Tahadhari: usipandishe BIOS bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi, bodi inaweza kufa.

Jambo moja zaidi. Mwaka 2024 Intel ilikubali kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na tatizo la volti linaloziharibu taratibu, ikatoa marekebisho kupitia BIOS. Ukiuza i7 au i9 za vizazi hivyo, BIOS mpya ni lazima, hata kama mashine inawaka vizuri.

HATUA YA 4: RAM

AM5 na LGA1851 zinatumia DDR5 tu. AM4 ni DDR4 tu. LGA1700 ndo yenye mtego: kuna bodi za DDR4 na kuna za DDR5, prosesa ileile, wakati mwingine jina la bodi linafanana mpaka mwisho isipokuwa neno moja. DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5 kwa sababu kipengee cha katikati kimekaa sehemu tofauti. Mteja akisema "RAM ninayo", muulize ni DDR ngapi, na akutumie picha ya stika.

Halafu mwambie hivi mteja wa AM5: mara ya kwanza kuwasha, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa. Bodi inaipima RAM. Asizime. Sentensi hiyo moja itakuokoa na simu nyingi za "bosi umeniuzia kitu kibovu".

HATUA YA 5: UMEME

Prosesa zote za LGA1700 zinaingia kwenye H610. Lakini i5-12400 ikikazana inafika wati 117, na i9-14900K inafika wati 253. Sehemu ya bodi inayoipa prosesa umeme iko kuzunguka soketi, na bodi nzuri huwa na vyuma vizito vya kupoza juu yake. Bodi nyingi za bei ya chini hazina.

Ukiweka i9 kwenye H610 ya bei ya chini, mashine inawaka, mteja anafurahi. Akianza kutengeneza video ya harusi ya masaa mawili, bodi inachemka na prosesa inapunguza kasi kujilinda. Anakuja kwako: "mashine nzito". Prosesa haina kosa. Kanuni rahisi: i3 na i5 za kawaida, bodi ya bei ya chini inatosha. i7, i9 na Ryzen 9 za kazi nzito, nenda bodi yenye vyuma hivyo vya kupoza.

HATUA YA 6: PICHA ITATOKA WAPI?

Prosesa ya Intel yenye F mwishoni, kama i5-12400F, haina picha yake. Lazima iwe na kadi ya grafiki. Ryzen za AM4 nyingi zisizo na G nazo hazina: 5600G inayo, 5600 haina. AM5 nyingi zina picha ya kawaida, isipokuwa zenye F. Bodi kuwa na tundu la HDMI sio ushahidi wa kitu. Tundu lile linatoa picha ya prosesa. Kama prosesa haina, ni pambo.

Malizia na vipimo: bodi ya ATX (sentimita 30.5 kwa 24.4) haikai kwenye kasha la Micro-ATX. Na feni ya LGA1200 haikai moja kwa moja kwenye LGA1700, matundu ya skrubu yamepanuka kidogo.

TUFANYE ODA MOJA PAMOJA

Mteja yuko Mbeya, anaandika: "Nataka Ryzen 5 9600X na bodi ya bei nafuu. RAM ninayo."

Soketi: AM5. Chipseti: hapandishi kasi, hana mahitaji makubwa, kwa hiyo B650 au B840 inatosha, usimsukumie X870. BIOS: ukipata B650 ya bei nzuri, hakikisha stika au kitufe, au ipandishe mwenyewe kabla ya kutuma. RAM: unamuuliza, kumbe anayo DDR4. Haifai, anahitaji DDR5, na bajeti inabadilika. Umeme: 9600X ni ya wati 65, bodi ya kawaida inabeba. Picha: ina yake ya kawaida, skrini itawaka bila kadi. Feni: 9600X haiji na feni kwenye boksi, mwongezee kwenye hesabu.

Umeona? Bila swali la RAM na la feni, mzigo ungefika Mbeya ukakaa mezani. Na huenda bajeti yake inatosha zaidi kwa AM4 na RAM aliyonayo. Mpe njia zote mbili na bei zake. Mteja anayeelezwa hivi hasahau namba yako.

MASWALI YA KUKOPI NA KUTUMA INBOKSI

"Habari boss, asante kwa oda. Nisaidie haya ili nikupe kitu kitakachowaka siku ya kwanza: 1) Prosesa ni ipi, jina kamili na herufi za mwisho? 2) RAM unayo? DDR4 au DDR5? Nitumie picha. 3) Una kadi ya grafiki? 4) Kasha lako ni saizi gani? 5) Utafanyia kazi gani?"

NA TANGAZO LAKO

Badala ya "Bodi kali mpya, wahi!", andika: "Bodi B650, soketi AM5, DDR5, Micro-ATX. BIOS imepandishwa, inakubali Ryzen 7000, 8000 na 9000." Utapunguza maswali, na anayekuja anakuja tayari kununua.

KABLA YA KUFUNGA MZIGO

Washa mashine. Rekodi video fupi ikionyesha ukurasa wa BIOS wenye jina la prosesa na kiasi cha RAM. Kama unauza bodi peke yake ya AM5 au Intel, piga picha ya karibu ya pini za soketi, halafu rudisha kifuniko cha plastiki juu yake. Pini hizo zinapinda kwa kuguswa tu, na bila picha utabishana na mteja nani kazipinda. Mtumie video na picha kabla basi halijaondoka.

ZOEZI: Mteja ana i5-9400F. Anataka bodi ya H310. Hana kadi ya grafiki, skrini atachomeka kwenye bodi. Utamuuzia? Andika jibu na sababu kwenye komenti. Hifadhi somo hili, na mtumie mwenzako anayeuza kompyuta kabla hajapokea oda ya leo.