Kupaka, Kupuliza na Kushika: Istilahi na Gharama za Rangi kutoka Kariobangi hadi Embakasi

Utangulizi

Mjadala wa istilahi za Kiswahili aghalabu huanzia katika kamusi. Makala haya yanauanzia karakanani. Yanadai kwamba uchumi wa kupuliza rangi, uwe wa bodi ya matatu au wa kipuri cha ndege, hauelezeki barabara pasipo kutofautisha vitenzi vinne: piga, paka, puliza na shika.

Vitenzi na maana zake

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, zikiwemo karakana za Kariobangi Light Industries, husemwa kuwa gari "limepigwa rangi". Piga hutaja kazi na kuficha mbinu. Paka hubeba maana ya mguso: kilichopakwa kimegusana na rangi. Puliza hutaja hewa tu. Fundi anaweza kupuliza rangi isifike popote. Hata kauli ya kutendea, pulizia, humtaja mlengwa bila kuthibitisha kwamba amefikiwa. Uthibitisho huletwa na shika: "rangi imeshika."

Hesabu ya karakana

Uwiano baina ya rangi iliyopulizwa na iliyoshika ndio kitovu cha gharama. Bunduki ya rangi ya kawaida, yenye shinikizo kubwa, hufikisha takriban thuluthi moja tu. Ili lita 1 ikae kwenye bodi, lita 3 hupulizwa. Bunduki ya hewa nyingi na shinikizo dogo hufikia takriban asilimia 65 ikitumiwa ipasavyo. Hapo lita 1.5 hutosha. Hata hivyo, huhitaji kompresa yenye uwezo mkubwa zaidi, na fundi mwenye magari machache huenda asirudishe bei yake. Uwiano huu unaweza kuitwa kiwango cha ushikaji.

Rangi isiyoshika haitoweki. Vigumishi vyenye isosayaneti, vinavyochanganywa na baadhi ya rangi za magari, huweza kumletea pumu anayevuta ukungu wake. Gharama hiyo haimo katika bei anayotajiwa mteja; hulipwa na mapafu ya fundi.

Vipuri vya ndege

Barabara ya Outer Ring huunganisha Kariobangi na Embakasi, penye uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 1958 na makao ya Kenya Airways, iliyoundwa mwaka 1977. Katika tasnia ya ndege duniani, kipuri kilicholika, mathalani nguzo ya magurudumu, huweza kurudishiwa unene wake badala ya kununuliwa kipya. Kwa miongo mingi kilichovywa katika kemikali ya kromi, ambayo husababisha saratani. Kisha chuma kigumu kiliokwa hata saa 23 ili kisipasuke. Mbinu iliyofuata hupuliza poda ya kabidi ya tangsteni kwa mwali wenye kasi kupita sauti. Poda hiyo ni ghali, lakini uokaji huo hauhitajiki, na kipuri hurudi kazini mapema. Ndege iliyolala, sawa na matatu iliyolala, haiingizi nauli.

Hitimisho

Fundi anayetozwa kwa lita anazopuliza na kulipwa kwa zile zilizoshika anaijua hasara iliyo baina ya vitenzi hivyo viwili. Inapendekezwa kwamba walimu wa ufundi na wa Kiswahili watenganishe upakaji, upulizaji na ushikaji. Istilahi itakayomwonyesha mwanagenzi rangi yake inapopotelea itamlindia mfuko, na pumzi pia.