FIZIKIA: UPEPO WA PINE NA NJIA YA DILOLO

Mutu akitengeneza motokari ya safari ngumu anaanza na vyuma: resori nzito, taa, bomba la hewa la kupanda juu. Land Cruiser ya namba 70, ambayo Toyota inaifanya tangu 1984, inavishwa hivyo. Lakini toka Kolwezi kwenda Dilolo kuna mchanga mwingi, na mchanga hauogopi vyuma.

Tufanye hesabu. Tuseme motokari na mizigo ni kilo 2800. Kwa pine ine, kila moja inabeba kilo 700. Bar 1 ni karibu kilo 1 juu ya sentimita 1 ya mraba. Basi kwa bar 2,8 pine inashika chini sentimita za mraba 250 tu, na inazama. Toa upepo mpaka bar 1,4: inashika karibu 500. Uzito ni ule ule, lakini sasa mchanga unaubeba. (Ubavu wa pine nao unabeba kidogo, hatukuuhesabu.)

Ukirudi kwenye lami, jaza tena sasa sasa. Pine laini ikikimbia inapata moto, inapasuka. Kwa hiyo pompi na kipimo vinunuliwe mbele ya taa!

Na mazuti? Pipa la lita 200 iko na kilo karibu 170. Juu ya paa litaangusha motokari kwenye kona. Lifungwe chini, mbele ya magurudumu ya nyuma.

Zoezi: ongeza pipa hilo, uzito ugawanyike sawa. Kwa bar 1,4, kila pine itashika chini kiasi gani?