Jinsi ya Kurekodi Sauti za Ndege wa Kinamasi

Mwaka 1958, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilitoa santuri ya sauti za ndege wa Afrika. Aliyezirekodi, Myles North, alikuwa afisa wa utawala wa kikoloni nchini Kenya, enzi ambazo mitambo ya kurekodi ilikuwa mizito. Leo, mkazi wa Kisii au Nyamira anaweza kuanza kwa simu yake.

Wakati bora ni alfajiri, ndege wanapoita kwa wingi na barabara zingali kimya. Katika kinamasi kama Sironga, Nyamira, anayerekodi husimama ukingoni, mbali na viota. Huzima mtandao ili simu isilie, huikinga na upepo, kisha hunyamaza kwa dakika tano. Mwishoni hutaja mahali, tarehe na saa. Bila maelezo hayo, rekodi haiwezi kulinganishwa na nyingine. Hawachezei ndege sauti zilizorekodiwa ili kuwavuta, kwani ndege anaweza kuacha kiota akidhani mpinzani amevamia.

Sauti hizo ni ushahidi. Korongo taji, ambaye hutaga katika maeneo oevu, aliorodheshwa mwaka 2012 miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani. Vinamasi vikikaushwa kwa kilimo au kupandwa mikaratusi inayofyonza maji, hukosa pa kutagia. Mkazi anayerekodi mahali pamoja kila mwaka ataweza kuonyesha ni sauti ipi imepotea, na lini.