Rafiki yangu hula kisha akajitapisha kwa siri, nifanyeje?

Shangazi, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Tororo, Uganda. Kwetu ni Busia, upande wa Kenya. Naishi chumba kimoja na rafiki yangu niliyesoma naye tangu sekondari. Siku hizi hataki kula nasi. Mchana husema amefunga kwa maombi. Usiku hununua chapati na maandazi, akala yote haraka haraka, kisha akaingia bafuni na kufungulia maji. Nimemsikia akitapika. Hunywa pia chai ya kupunguza mwili anayonunua Busia tukienda nyumbani. Nilipomuuliza alilia, akaniapisha nisimwambie mtu, hasa mama yake. Wasichana wenzetu wanamsifu kuwa amependeza, wengine wananong'ona kuwa ana virusi vya UKIMWI. Nimfanyie nini?
Mwenye Wasiwasi, Tororo

Mwanangu, huo ni ugonjwa, na jina lake ni bulimia. Daktari Gerald Russell wa London aliueleza mwaka 1979. Mgonjwa hujinyima mpaka njaa ikamzidi, akala chakula kingi bila kuweza kujizuia, kisha kwa aibu na hofu ya kunenepa akajitapisha au akanywa kitu cha kumharisha. Kesho yake hujinyima tena. Si majivuno, wala si pepo. Na usingoje akonde ndipo uamini: wengi wenye bulimia hawakondi hata kidogo.

Yuko atakayekuambia kuwa hayo ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli kwetu unene umesifiwa tangu zamani. Mwaka 1994 Adrian Furnham wa London na Peter Baguma wa Makerere walichapisha utafiti uliolinganisha Waingereza na watu wa Uganda; walipoonyeshwa michoro ya miili, wa Uganda waliwapenda wanawake wanene zaidi. Lakini katika visiwa vya Fiji nako unene ulisifiwa. Mwaka 1995, televisheni ilipokuwa ndiyo kwanza imefika eneo la Nadroga, hakuna msichana wa shule aliyesema anajitapisha ili apungue. Mtafiti Anne Becker na wenzake walipouliza tena mwaka 1998, asilimia 11.3 walikiri. Hiyo ilikuwa televisheni tu. Nyinyi mnalala na simu mkononi.

Huku kwetu kuna jambo jingine linaloniuma. Miaka ya 1980 watu wa Uganda waliuita UKIMWI "Slim" kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa, na mpaka leo mtu akipungua kidogo majirani wanaanza kumpima kwa macho. Minong'ono hiyo inamzidishia rafiki yako kujificha, na sifa za wale wengine zinamtia moyo aendelee. Waambie wenzako waache yote mawili.

Wewe usimhesabie chapati, wala usimvizie mlangoni pa bafu. Tafuta wakati usio wa chakula, mkiwa wawili tu, umwambie ulichosikia na kwamba unamhofia. Usiutaje mwili wake, hata kwa kumsifu. Akikasirika, mwache, umrudie siku nyingine. Akikubali kula nawe, usikikodolee macho chakula chake wala kukizungumzia. Kaa naye baada ya kula, maana muda huo ndio mgumu kwake. Pigeni gumzo, fueni nguo, sukeni nywele. Akishatapika asipige mswaki papo hapo, asukutue kwa maji, kwa kuwa asidi ya tumboni hula meno.

Urafiki wako ni msaada mkubwa, ila hautoshi. Kutapika na kuharisha humaliza potasiamu mwilini, na ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Mpeleke hospitali ya serikali hapo Tororo. Ada za matibabu katika hospitali za umma Uganda zilifutwa mwaka 2001. Muhimu aseme wazi: "Nimekuwa nikijitapisha, na nakunywa chai ya kupunguza mwili inayoharisha." Akisema anatapika tu, huenda akapimwa malaria na mimba kisha akarudishwa nyumbani. Aombe apimwe potasiamu, na aulize mhudumu wa afya ya akili. Asipopatikana, ombeni rufaa ya kwenda hospitali ya Mbale. Akizimia, akitapika damu au moyo ukimdunda ovyo, msingoje kupambazuke.

Kuhusu kiapo, usimsaliti wala usimfiche. Mwambie: "Sitakusema nyuma yako, lakini sitanyamaza ukiwa hatarini." Mpe siku chache achague mtu mzima mmoja, awe mama yake, shangazi yake au mshauri wa wanafunzi chuoni, na mwende kumwona pamoja. Hatari ikija kabla ya siku hizo kwisha, mpigie mama yake simu. Nawe mtafute huyo mshauri kwa ajili yako mwenyewe, kwani kulala kila usiku ukisikiliza bafuni kunakuchosha, na una mitihani ya kufanya.