Kuhifadhi Nyaraka za Afya Nyumbani: Nakala Rudufu Zinazojiendesha katika Kompyuta ya Linux

Utangulizi

Nyaraka za afya zina sifa moja inayozitofautisha na nyaraka nyingi za nyumbani: thamani yake huweza kuongezeka kadiri zinavyozeeka. Picha ya kifua ikionyesha kinundu kigumu kwenye pafu, swali la kwanza la daktari huwa ni hili: je, ipo picha ya zamani? Kinundu kigumu ambacho hakijabadilika ukubwa kwa miaka 2 kwa kawaida si saratani; kinachokua ndicho kinachohitaji uchunguzi wa haraka. Picha ya zamani ikipatikana, mgonjwa anaweza kuepushwa na sindano ya kuchukua kinyama. Isipopatikana, safari huanza upya. Ndivyo ilivyo pia kwa ripoti ya vipokezi vya homoni katika saratani ya titi, ambayo huamua kama mgonjwa atafaidika na vidonge vinavyotumiwa kwa miaka 5 hadi 10.

Nyaraka hizi sasa hukaa kwenye kompyuta ya nyumbani, pamoja na vyeti, leseni na tasnifu za wahudumu wa afya. Lakini diski huharibika, kompyuta huibwa, na mtoto hufuta folda asiyoijua. Somo hili linaeleza jinsi ya kujikinga kwa kutumia Linux, mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambao zana zake za kazi hii hupatikana bila malipo.

Nakala rudufu ni nini, na si nini

Nakala rudufu ni nakala ya faili iliyo mahali tofauti na faili yenyewe, na inayoweza kurejeshwa wakati faili hiyo imepotea. Nakala ya pili ndani ya diski ileile haitoshi, kwa sababu diski ikifa, zote mbili hufa. Watumiaji wa Linux Mint wajihadhari pia na programu ya Timeshift. Hiyo hulinda mafaili ya mfumo, na kwa mpangilio wake wa kawaida haigusi nyaraka zako binafsi.

Kanuni inayofuatwa na wengi huitwa 3-2-1: nakala 3 za kila waraka, katika vyombo 2 tofauti, na nakala 1 ikiwa nje ya nyumba. Kwa familia, hii yaweza kuwa kompyuta yenyewe, diski ya nje iliyo kabatini, na diski nyingine iliyo kwa ndugu anayeaminika. Moto au mwizi akiingia nyumba moja, ile ya pili hubaki salama.

Kwa nini ijiendeshe

Sisi wahudumu wa afya tunafahamu kuwa dawa ya kila siku husahaulika hasa mgonjwa anapojisikia vizuri. Kunakili nyaraka kuna tatizo hilohilo: hakuna maumivu yanayokukumbusha, mpaka siku ya hasara. Kwa hiyo kazi hii ikabidhiwe kompyuta.

Njia ya kwanza: Déjà Dup

Programu hii inamfaa asiyependa kuandika amri. Chagua folda za kuhifadhi, chagua diski ya nje kuwa mahali pa kuhifadhia, weka nenosiri, kisha washa ratiba ya kila siku au kila wiki. Faida yake kubwa ni kuwa hutunza matoleo ya nyuma. Ukigundua leo kuwa waraka uliharibika wiki iliyopita, unaweza kurejesha ule wa kabla ya hapo.

Njia ya pili: rsync na cron

Programu ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, hunakili mafaili mapya na yaliyobadilika tu, hivyo humaliza kazi upesi. Cron ndiyo huiamsha kwa wakati. Fungua terminali, andika crontab -e, kisha ongeza mstari huu mmoja:

30 20 * * * mountpoint -q /media/jina/HIFADHI && rsync -a /home/jina/Nyaraka/ /media/jina/HIFADHI/Nyaraka/

Badala ya "jina" weka jina lako la mtumiaji. HIFADHI ni jina la diski ya nje. Tarakimu mbili za mwanzo ni dakika na saa. Kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, hivyo 20:30 ni saa mbili na nusu usiku kwetu. Nyota tatu zina maana ya kila tarehe, kila mwezi na kila siku ya juma. Sehemu ya mountpoint huhakikisha kwanza kuwa diski imeunganishwa. Isipokuwapo, hakuna kinachonakiliwa.

Njia hii ina mipaka miwili. Kwanza, hutunza toleo la mwisho tu: faili iliyoharibika mchana itafuta ile nzima usiku. Anayehitaji matoleo ya nyuma atumie Déjà Dup, restic au BorgBackup. Pili, umeme ukikatika au kompyuta ikiwa imezimwa saa hiyo, cron hairudii kazi iliyopita. Anacron hufidia siku zilizokosekana kompyuta inapowashwa.

Usiri wa taarifa

Diski ya nje ikipotea, siri za afya yako hupotea nayo, isipokuwa zimefungwa kwa usimbaji. Restic husimba kila kitu. Déjà Dup hufanya hivyo ukiweka nenosiri. Anayetumia rsync asimbe diski yenyewe kwa LUKS. Ukisahau nenosiri, hakuna fundi atakayeifungua. Liandike kwenye karatasi na ulitunze pamoja na hati zako muhimu, mbali na diski.

Kwa mhudumu wa afya, taarifa za wagonjwa si nyaraka binafsi, na hazipaswi kuhamishiwa nyumbani kwa kisingizio cha kuzihifadhi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kumbuka pia programu za uhalifu zinazofunga mafaili na kudai fidia. Tarehe 12 Mei 2017, WannaCry ilivuruga hospitali nyingi za Uingereza, hata miadi ya wagonjwa ikaahirishwa. Ilishambulia mfumo wa Windows, lakini funzo ni la wote: diski iliyounganishwa daima huweza kufungwa pamoja na kompyuta. Ichomoe kazi inapokwisha.

Jaribio la kurejesha

Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu. Kila baada ya miezi 3, rejesha waraka mmoja kwenye folda tofauti, ufungue, uusome mpaka mwisho. Kwa CD ya picha za CT au MRI, nakili CD nzima. Faili iitwayo DICOMDIR ndiyo faharasa yake, na bila hiyo baadhi ya programu hazitaweza kuzipanga picha.

Maswali ya kujipima

1. Kompyuta yako ikiibwa usiku huu, ni waraka gani wa afya usioweza kuupata tena?
2. Nakala yako ya mwisho ni ya tarehe ngapi, na ipo wapi?
3. Nani katika familia anajua nenosiri lilipo, iwapo utalazwa hospitali bila kuweza kuzungumza?

Ukikosa jibu la swali lolote kati ya haya, anza na hilo.